Ngozi ya balo na nguo ya mwogeleaji: juu ya nini kitu laini hakiendi mbio kila mara

Watu wa Lubumbashi, na Congo nzima, hawajasahau mwezi wa 12 wa mwaka 2010. TP Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi. Tarehe 14, Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka waliifunga Internacional ya Brazil 2-0, na golikipa Robert Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka na makalio, sawa vile tulivyomzoea. Siku 4 baadaye Inter ya Milano ikachukua kombe kwa 3-0.

Mengi yalisemwa juu ya ile ekipe. Kitu kimoja hakikusemwa sana: balo waliyochezea. Ilikuwa Jabulani, aina ile ile iliyotumika katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwezi wa 6 na wa 7 wa mwaka huo. Hatusemi kwamba balo ndiyo ilifunga magoli ya Mazembe. Miguu ya wachezaji ndiyo ilifunga. Lakini Jabulani ilikuwa na sifa mbaya. Magolikipa wakubwa kama Iker Casillas wa Hispania, Gianluigi Buffon wa Italia na Júlio César wa Brazil waliilalamikia wazi. Walisema inayumba hewani, inabadili njia bila mtu kuigusa.

Wengine waliwacheka: golikipa akifungwa, lazima atafute sababu. Kumbe walikuwa na haki, na sababu ilikuwa kwenye ngozi ya ile balo. Ilikuwa laini mno.

Hapa chini tunaeleza jambo hilo pole pole: juu ya nini mikwaruzo midogo inaweza kusaidia kitu kwenda mbali, lini inasaidia na lini inaharibu, na juu ya nini wakubwa wa michezo wameandika sheria nyingi kuhusu ngozi ya balo, ya mkuki na ya nguo.

Upepo unakushika namna gani

Anayepanda pikipiki anajua. Ukienda kilomita 20 kwa saa, upepo ni kitu cha kukupoza jasho tu. Ukifika 60, shati linapiga mgongo kama bendera. Nguvu ya hewa inayokuzuia inapanda haraka kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu hiyo inakuwa mara 4. Mwendo ukiongezeka mara 3, inakuwa mara 9. Ndiyo maana kwa mtu anayetembea kwa miguu hewa si kitu, lakini kwa mkimbiaji wa baiskeli kwenye barabara tambarare, hewa ndiyo adui wa kwanza.

Nguvu hiyo ina sehemu 2, na ni lazima kuzitenganisha.

Ya kwanza ni msuguano. Hewa inapita juu ya ngozi ya kitu na kuisugua, sawa vile mkono unavyosugua meza.

Ya pili ni presha. Mbele ya kitu hewa inasukuma. Nyuma yake, hewa ikishindwa kufuata umbo, inaachana na ngozi na kubaki inazunguka-zunguka ovyo. Pale nyuma presha inakuwa ndogo, na ni kama mtu amekushika shati anakuvuta. Tuite fasi hiyo mkia wa hewa. Mkia ukiwa mpana, unavutwa sana. Ukiwa mwembamba, unavutwa kidogo.

Kwa kitu cha mviringo au kinene, kama balo, mwili wa mtu au lori, sehemu kubwa ya kizuizi inatoka kwenye mkia. Kwa kitu kirefu na chembamba, kama bawa la ndege au mtumbwi wa mashindano, mkia ni mdogo na msuguano ndio unakuwa mkubwa. Shika tofauti hiyo, juu karibu kila kitu kinachofuata kinatoka humo.

Juu ya nini mikwaruzo inasaidia balo

Hewa iliyo karibu kabisa na ngozi ya balo inatengeneza ganda jembamba. Ganda hilo linasuguliwa, kwa hiyo linachoka. Likiwa tulivu, kila tabaka linapita peke yake bila kuchanganyika na lingine, na likifika karibu na katikati ya balo nguvu zinaisha. Linaachana na ngozi mapema, na mkia unakuwa mpana.

Ngozi ikiwa na mikwaruzo, vishimo au mishono, ganda linavurugika. Hewa ya nje, ambayo bado ina mwendo, inaingia ndani na kulisukuma ganda lililochoka. Fikiri kijana wa Goma anayesukuma chukudu iliyojaa mzigo kwenye mlima. Akiwa peke yake anasimama katikati. Wenzake wakija kumsukumia, anafika mbali zaidi. Ganda lenye fujo linapata wasukumaji. Linashikamana na balo mpaka kule nyuma, mkia unakuwa mwembamba, na balo inavutwa kidogo.

Kuna bei ya kulipa: fujo hiyo inaongeza msuguano. Lakini kwa balo, kinachopatikana kwenye mkia ni kikubwa kuliko kinachopotea kwenye msuguano. Kwa kitu chembamba hesabu inageuka, juu mkia ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Kuongeza mikwaruzo pale ni kujipatia hasara tu.

Eiffel na Wajerumani

Jambo hili liligunduliwa kupitia mabishano. Gustave Eiffel, yule mjenzi wa mnara wa Paris, katika uzee wake alijenga chumba cha kupulizia upepo pale Auteuil. Akapima nguvu ya upepo kwenye mipira ya mviringo. Wajerumani wa Göttingen nao walipima, wakapata namba iliyopita ile ya Eiffel zaidi ya mara 2. Wakafikiri mzee amekosea.

Mwaka 1912 Eiffel alipima tena, safari hii kwa mwendo mbalimbali. Akaona kwamba wote walikuwa na haki. Upepo ukiwa wa pole, kizuizi ni kikubwa. Ukipita mwendo fulani, kizuizi kinaanguka ghafla. Kila upande ulikuwa umepima kwa mwendo wake.

Mwaka 1914, Ludwig Prandtl wa Göttingen alionyesha sababu. Alizungushia mpira laini waya mwembamba. Mtu wa kawaida angesema waya utaongeza kizuizi. Kinyume chake, kizuizi kilipungua, juu waya uliamsha ile fujo kwenye ganda la hewa hata upepo ulipokuwa bado wa pole.

Kwa hiyo kila balo ina mwendo wake wa mpaka. Chini ya mpaka inavutwa sana. Juu ya mpaka inavutwa kidogo. Mikwaruzo inashusha mpaka huo, na balo inaanza kufaidika mapema.

Vishimo vya gofu

Wacheza gofu walikuwa wameona jambo hilo bila kulielewa. Katika karne ya 19 walichezea mipira ya utomvu mgumu iliyokuwa laini ikiwa mipya. Wakagundua kwamba mpira uliozeeka, uliojaa makovu ya kupigwa, unaruka vizuri kuliko mpya. Wakaanza kuukwaruza kwa makusudi. Mwaka 1905 William Taylor, Mwingereza, alichukua hati ya uvumbuzi kwa mpira wenye vishimo. Leo mpira wa gofu una vishimo kati ya 300 na 500. Bila vishimo ungefika karibu nusu ya umbali tu.

Juu ya nini gofu inahitaji vishimo kuliko michezo mingine? Juu mpira wake ni mdogo. Kadiri mpira ulivyo mdogo, ndivyo mwendo wa mpaka unavyopanda. Mpira laini wa ukubwa ule ungehitaji kupita kilomita 300 kwa saa ili uvuke mpaka, na wachezaji wengi hawapigi hivyo. Vishimo vinashusha mpaka mpaka chini kabisa, na mpira unasafiri karibu njia yote upande ulio mzuri.

Balo ya mpira wa miguu ni kubwa zaidi, upana wake ni karibu sentimita 22. Mpaka wake unaanguka ndani ya mwendo wa mchezo wenyewe. Hapo ndipo matatizo ya magolikipa yanaanzia.

Kutoka vipande 32 mpaka 8

Zaire ilipocheza Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika pale, balo ilikuwa Telstar Durlast: vipande 32 vilivyoshonwa, vyeupe na vyeusi. Kila mtoto aliyewahi kuchora balo kwenye daftari alichora hiyo. Mishono yake mingi ilifanya kazi sawa na vile vishimo vya gofu, ingawa haikushonwa kwa nia hiyo.

Mwaka 2006 ikaja Teamgeist yenye vipande 14. Mwaka 2010 ikaja Jabulani, jina la Kizulu lenye maana ya "furahini", yenye vipande 8 vilivyounganishwa kwa joto bila uzi. Watengenezaji walitaka balo ya mviringo kamili. Waliweka mifereji midogo juu yake, lakini haikutosha. Urefu wa mishono yote ya Jabulani ukiuunganisha ni karibu sentimita 203, na kina chake hakifiki hata nusu milimita.

Wataalamu wa NASA kule Marekani, akiwemo Rabi Mehta, waliipima kwenye maji na kwenye upepo. Waliona kwamba Jabulani inayumba zaidi ikiwa kati ya kilomita 80 na 88 kwa saa. Balo za zamani zilifanya hivyo karibu na 50.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa golikipa. Shuti kali la kuadhibu linakwenda 80, 90, 100 kwa saa. Kwa balo ya zamani, mwendo huo uko juu kabisa ya mpaka: balo imetulia, inashuka chini ya 50 ikiwa imekwisha kufika au imekuwa rahisi kushika. Kwa Jabulani, mpaka uko katikati ya njia ya shuti. Balo inaondoka na 100, inavutwa kidogo, inapita 80, halafu kizuizi kinapanda ghafla, sawa na gari lililokanyagwa breki. Tena, kama balo haizunguki, upande mmoja unaweza kuwa na mshono unaoamsha fujo na upande mwingine hauna. Hewa inaachana na ngozi mapema upande mmoja na kwa kuchelewa upande mwingine, na balo inasukumwa pembeni. Ikizunguka kidogo tu, mshono unahama, na inasukumwa kinyume. Macho ya golikipa yamekwisha kupiga hesabu. Balo inabadili hesabu.

Katika 2014 Brazuca ilirekebisha jambo. Ilikuwa na vipande 6 tu, vichache kuliko Jabulani, lakini mishono yake ilipindapinda: urefu karibu sentimita 327, kina zaidi ya milimita 1.5. Mpaka ukashuka tena karibu na ule wa balo za zamani, na malalamiko ya magolikipa yakapungua sana. Balo ya Kombe la 2026, Trionda, ina vipande 4 peke yake, na watengenezaji wameweka mishono yenye kina kwa makusudi. Kwa hiyo ukisikia mtu kwenye televizyo anahesabu vipande, jua kwamba namba ya vipande haisemi yote. Uliza mshono una urefu gani na kina gani.

Kitu kingine kinachotugusa sisi ni mwinuko. Johannesburg iko karibu mita 1,750 juu ya bahari. Goma na Bukavu ziko karibu 1,500, Lubumbashi karibu 1,200. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi karibu 14 kwa mia kuliko pwani. Balo inavutwa kidogo zaidi, inakwenda mbali zaidi, na inapinda kidogo. Ekipe inayopanda kutoka Matadi au Kinshasa kuja kucheza Goma inakuta balo ile ile inafika haraka kuliko ilivyozoea. Hiyo si uchawi wala fitina ya wenye uwanja.

Karatasi ya msasa iliyoharibu majina

Kwenye kriketi, mchezo unaopendwa India, Pakistan, Australia, na karibu na sisi Uganda na Kenya, ngozi ya mpira ndiyo silaha. Mpira una mshono mmoja mkubwa katikati. Wachezaji wanasugua upande mmoja kwenye suruali ili ung'ae, na wanaacha upande mwingine uchakae. Hewa inashikamana tofauti kila upande, na mpira unapinda mbele ya mpigaji.

Kusugua kwa nguo kunaruhusiwa. Kukwaruza kwa chombo ni kosa. Mwezi wa 3 mwaka 2018, kule Cape Town, kamera zilimkamata Cameron Bancroft wa Australia akiwa na kipande cha karatasi ya msasa. Kapiteni Steve Smith na msaidizi wake David Warner walifungiwa miezi 12, Bancroft miezi 9. Halafu mwaka 2020, wakati wa Covid, hata kupaka mate kwenye mpira kulikatazwa, na mwaka 2022 katazo hilo likawa la kudumu.

Mkuki uliofutiwa rekodi

Mkuki wa riadha nao una hadithi yake. Mwaka 1990 Miklós Németh wa Hungaria, bingwa wa Olimpiki wa zamani, alitengeneza mikuki yenye mkia wa kukwaruza. Upepo uliushika mkia huo kwa namna nyingine, na mkuki ukaruka mbali zaidi. Mwingereza Steve Backley alirusha mita 90.98 kwa mkuki huo. Mwaka 1991 Seppo Räty wa Finland alifika 96.96.

Mwisho wa 1991 shirikisho la riadha la dunia lilikataza mikia ya namna hiyo na kufuta rekodi zake zote. Rekodi ikarudi kwa Backley, mita 89.58, aliyoirusha kwa mkuki wa kawaida. Räty hakuwa amemwibia mtu. Alitumia chombo kilichoruhusiwa siku ile, na bado namba yake ikaondolewa kitabuni. Mkenya Julius Yego alipokuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, alirusha mkuki wenye mkia laini kama wa wenzake wote.

Nguo ya dola 500

Kwenye maji mambo yanakuwa mazito, juu maji yana uzito karibu mara 800 ya hewa. Mwezi wa 2 mwaka 2008 kampuni ya Speedo ilileta nguo iitwayo LZR Racer, iliyopimwa kwa msaada wa NASA. Ilikuwa na vipande vya plastiki nyembamba, ilibana mwili mpaka misuli isitikisike, haikuwa na mishono ya uzi, na ilisaidia mwili kuelea juu kidogo. Hapa wazo lilikuwa ulaini na umbo: mwogeleaji aliyenyooka ni kitu kirefu na chembamba, si balo. Ilipita dola 500.

Katika Olimpiki ya Beijing rekodi 25 za dunia zilivunjwa kwenye kuogelea. 23 zilivunjwa na waliovaa ile nguo. Mwaka uliofuata, kule Roma, kampuni zingine zilileta nguo za plastiki tupu, na rekodi 43 zikaanguka ndani ya mashindano yale tu. Mjerumani Paul Biedermann alimshinda Michael Phelps kwenye mita 200 kwa dakika 1 na sekunde 42.00. Biedermann mwenyewe alikubali kwamba nguo ilichangia.

Kuanzia tarehe 1 mwezi wa 1, 2010, shirikisho la kuogelea lilirudisha nguo za kitambaa: wanaume kutoka kitovuni mpaka magotini, wanawake kutoka mabegani mpaka magotini. Fikiria mwogeleaji wa nchi ambayo hata bwawa la mashindano ni shida. Angeweza kufunga miaka ya mazoezi, halafu akashindwa kabla ya kuingia majini kwa sababu ya dola 500. Sheria ile haikufuta tofauti zote kati ya tajiri na maskini, lakini hiyo moja iliipunguza.

Kuna pia hadithi ya ngozi ya papa. Papa ana mifereji midogo kwenye ngozi yake inayofuata njia ya maji, na mifereji ya namna hiyo inaweza kupunguza msuguano mpaka karibu 8 kwa mia kwenye maabara. Hii ni kazi tofauti na vishimo vya gofu: haivurugi maji, inayapanga. Mashua ya Marekani Stars & Stripes iliibeba kwenye tumbo lake iliposhinda America's Cup mwaka 1987 kule Fremantle, Australia. Baadaye ikakatazwa kwenye mashindano ya mashua. Lakini nguo za kuogelea zilizouzwa kwa jina la papa ni jambo lingine. Mwaka 2012, George Lauder wa Chuo Kikuu cha Harvard alipima kitambaa cha namna hiyo na kuona hakifanyi kazi ya ngozi ya papa.

Baiskeli, magari na mabawa

Mkimbiaji wa baiskeli yuko katikati. Mikono na mapaja yake ni kama nguzo za mviringo, kwa hiyo kitambaa chenye mikwaruzo fasi zake zinazofaa kinaweza kupunguza mkia wa hewa. Tarehe 1 mwezi wa 7, 2017, siku ya kwanza ya Tour de France kule Düsseldorf, ekipe ya Sky ilivaa nguo zenye vinundu kwenye mikono. Geraint Thomas wa ekipe hiyo akashinda. Ekipe zingine zikalalamika. Waamuzi wakasema vinundu ni sehemu ya kitambaa, havikubandikwa, basi vinaruhusiwa. Sheria ya shirikisho la baiskeli, UCI, inaweka mpaka: mikwaruzo ya nguo isipite milimita 1.

Magari ya mbio yanakwenda njia nyingine. Gari la Formula 1 halihitaji vishimo, juu wahandisi wanaweza kubadili umbo lenyewe, na umbo lina nguvu kuliko ngozi. Siku za majaribio utaliona limepakwa rangi ya kijani inayong'aa, imechanganywa na mafuta mepesi. Hewa inachora mistari kwenye rangi hiyo, na wahandisi wanasoma fasi ganda la hewa lilipoachana na gari. Mitsubishi iliwahi kuweka mstari wa vibawa vidogo nyuma ya paa la Lancer Evolution ili hewa ishuke vizuri kwenye kioo cha nyuma. Faida ilikuwepo, lakini ndogo sana.

Mwaka 2009 kipindi cha televizyo cha Marekani, MythBusters, kilipaka gari udongo na kulichimba vishimo kama vya gofu. Mafuta yaliyotumika yalipungua karibu 10 kwa mia kuliko gari lile lile lenye udongo laini. Ni jaribio zuri la kuonyesha wazo, lakini lilikuwa gari moja. Kampuni za magari zinapata faida kubwa zaidi kwa kuchonga sehemu ya nyuma.

Kwa bawa la ndege, ulaini ni uhai. Marubani wa ndege zisizo na injini wana vifaa vya kupangusa wadudu kwenye mabawa wakiwa angani, juu wadudu hao wachache wanaharibu ganda tulivu. Na barafu nyembamba kama karatasi ya msasa kwenye bawa inaweza kuifanya ndege kubwa ishindwe kupaa. Ndiyo maana katika nchi za baridi ndege inamwagiwa dawa kabla ya kuruka.

Maswali yanayorudi mara nyingi

*Nikikwaruza baiskeli yangu itaenda mbio?* Hapana. Mwili wako ndio unaokamata upepo mwingi, si chuma. Kuinama, kubana viwiko na kuvaa nguo isiyopepea kunasaidia kuliko rangi yoyote.

*Na chukudu yenye mzigo?* Kwa mwendo wa kupanda mlima hewa si tatizo. Uzito, barabara na magurudumu ndivyo vinavyokula nguvu. Ukishuka, fikiria breki kwanza.

*Gari lililojaa matope linatumia mafuta kidogo, sawa na mpira wa gofu?* Usihesabu hivyo. Matope hayakupangwa kwa fasi yanapohitajika, na yanaongeza uzito.

*Balo yetu ya kata imechubuka upande mmoja. Ni mbaya?* Itaruka kwa namna isiyotabirika, juu hewa itashikamana tofauti kila upande. Kwa mazoezi ya pasi inatosha. Kwa mechi ya kombe, tafuta iliyochakaa sawasawa pande zote, au nyingine.

*Kocha wa vijana afanye nini?* Ajue mbele balo ya mechi ni ipi, na magolikipa wake waifanyie mazoezi ile ile, kwa mashuti yasiyozunguka, ya karibu na ya mbali. Aangalie mishono kwa vidole: ya kina, au karibu laini? Balo ikiwa laini, amfundishe kijana kuipangua kwa mikono miwili kuliko kujaribu kuidaka kifuani. Na kijana akifungwa na balo iliyoyumba, asimtukane mbele ya wenzake. Casillas naye ilimsumbua, na mwaka ule alibeba Kombe la Dunia.